Kibao cha Mtaa wa Kapteni Baltense

Vlissingen, 9 Januari 1966

Mdogo wangu Iman,

Heri ya mwaka mpya. Kadi yako ilifika tarehe thelathini na moja, ile yenye farasi kwenye theluji. Nimeiweka juu ya redio. Mimi mzima, ila goti la kushoto linalia kila nikipanda ngazi. Shangazi Maatje wa Middelburg ametimiza miaka themanini na nane na bado anagombana na mtumishi wake juu ya chumvi. Alikuulizia, kama kawaida yake: "Yule mvulana bado yuko huko juu?" Anavyosema utadhani hukuhamia kaskazini, bali umepanda mti ukagoma kushuka. Nikamwambia bado yuko.

Huku upepo umevuma siku tisa bila kupumzika. Leuntje wa duka la mkate anasema chumvi imemwingia mpaka kwenye unga, siku hizi hana haja ya kuitia.

Sasa nikueleze kwa nini mwaka huu ni barua na siyo kadi. Jumanne walikuja kukitoa kibao cha mtaa, kile cha kwenye pembe ya nyumba yetu. Kutu ilikuwa imekila tangu mabomu ya vita, na herufi za chini zilikuwa hazisomeki tena. Mafundi wawili walifungua skrubu nne, wakakitia kwenye gunia, wakaondoka. Ukutani yamebaki matundu manne na mraba mweupe, kama mahali palipoondolewa picha.

Kesho yake akaja Bwana Van Sluijs, mwenyekiti wa kamati. Mwaka huu Kapteni Engel Baltense anatimiza miaka mia tatu tangu vita vyake na Waingereza, kwa hiyo wanatengeneza kibao kipya. Alisimama sebuleni kofia kifuani kama yuko msibani.

"Bi Dingemanse," akasema, "bila marehemu baba yako, mtaa huu ungekuwa unaitwa Kichochoro cha Chewa mpaka leo. Yeye ndiye aliyemfukua kapteni kwenye vitabu. Tunataka wewe uvute kitambaa."

"Kitambaa gani?"

"Cha kukifunika kibao. Mwezi wa sita. Bendi itapiga."

"Na nikivuta kikang'ang'ania?"

Hakucheka. Akaniambia maneno yatakuwa yale yale aliyoyatunga baba, wala herufi haitabadilika.

Iman, ni Jumamosi ya tarehe kumi na moja Juni. Chumba chako kipo. Godoro nimelianika kiangazi kilichopita. Treni ni ya siku moja tu.

Dada yako,
Tannetje


Termunterzijl, 2 Februari 1966

Dada Tannetje,

Barua nimeipata. Mimi sijambo.

Huku mfereji umeganda. Tangu wiki iliyopita hakijapita chombo hata kimoja. Asubuhi nashuka kuvunja barafu kwenye milango ya maji ninayofungulia vyombo, isikwame, halafu narudi ndani, halafu jioni nashuka tena. Juzi nilikuja kugundua sijamsikia mtu akisema tangu Ijumaa, nikawasha redio. Ilikuwa habari ya bei ya viazi. Nikaisikiliza mpaka mwisho.

Mwezi wa sita hautawezekana. Ndiyo miezi ya mashua za matembezi, na hakuna wa kunishikia zamu.

Mwambie Shangazi nilishashuka zamani, ila nilishukia upande wa pili.

Maneno ya kibao sina haja ya kuja kuyasoma. Nilishayasoma.

Goti lifunge kitambaa cha sufu, na usikae karibu na dirisha.

Iman


Vlissingen, 27 Februari 1966

Mpendwa Iman,

Asante kwa jibu lako. Nimefunga sufu, na kweli inasaidia. Leuntje ameniona nachechemea, akaniletea mikate minne ya mdalasini, eti mguu ukishiba hauumi. Nimekula miwili na miwili nimewapa ndege, kwa kuwa mtu mmoja hamalizi mikate minne kabla haijakauka. Hili nimejifunza tangu baba afariki, na ni miaka kumi na mitatu sasa: kila kitu dukani hufungwa kwa ajili ya watu wawili.

Umesema ulishayasoma. Najua. Nilikuwepo.

Kwa miaka ishirini na sita tumetumiana kadi za farasi na kengele, na hatujawahi kuandikiana habari ya jioni ile. Leo naiandika mimi, unisamehe. Ilikuwa Mei, wiki ya pili baada ya nchi kusalimu amri kwa Wajerumani. Uliingia na matope mpaka magotini, sare imeraruka begani. Nilikuwa nimepika maharage na nyama ya mafuta. Baba hakukuambia hata karibu. Aliuliza, "Bendera iko wapi?"

Ukasema, "Niliishusha, baba."

"Nani alikuamuru?"

"Hakuna. Mwenye amri nilikuwa mimi."

Akainuka, akafungua dirisha la pembeni, akakuonyesha kibao. "Soma." Ulikuwa na miaka ishirini na saba, umetoka vitani, na yeye akakusomesha kwa sauti kama mtoto wa darasa la pili mbele ya ubao. Ukasoma. *Kapteni Engel Baltense. Alipigana mwaka 1666. Hakushusha bendera.* Kisha akasema, "Hapa wanakaa watu wa mtaa wa huyu. Wewe katafute mtaa mwingine."

Ukachukua kofia. Hukugusa kijiko.

Sijui kama unakumbuka mimi nilikuwa nimesimama wapi.

Kamati wameomba wapewe makaratasi ya baba, wayaweke kwenye kabati la kioo siku ya sherehe. Nimekuwa nikiyapanga tangu wiki iliyopita. Kuna jambo humo ambalo ningependa kukwambia ana kwa ana. Njoo, basi. Ukitaka njoo hata kabla ya sherehe, au siku ambayo hakuna sherehe yoyote.

Tannetje


Vlissingen, 11 Aprili 1966, Jumatatu ya Pasaka

Mpendwa Iman,

Wiki sita. Kila akipita tarishi najifanya nafagia kizingiti. Sasa amenizoea, ananipungia mkono kutoka mbali: hamna. Nilifikiri pengine unaumwa, nikataka kupiga simu ofisi ya malango, halafu nikaogopa ungepokea wewe mwenyewe.

Shangazi Maatje amehamishiwa chumba cha chini. Hatambui watu vizuri tena. Aliniita kwa jina la mama, na sikumsahihisha.

Kwa kuwa hukuja, naliandika.

Kapteni Baltense alishusha bendera.

Soma taratibu, usiitupe karatasi. Katika makaratasi ya baba kuna nakala ya kesi ya kapteni, imetolewa kwenye jumba la nyaraka kule The Hague. Siku ya tatu ya vita meli yake ilishika moto, mlingoti ulikuwa umekatika, na Waingereza walikuwa wamemzunguka pande tatu. Alikuwa na watu tisini na wanne walio hai. Akashusha bendera, wakatolewa wote wakiwa hai, wakawa mateka. Alipoachiwa na kurudi nyumbani alishtakiwa, akavuliwa cheo. Aliishi miaka kumi na mitano zaidi akisokota kamba kule Veere, na akafa kitandani mwake. Mbele ya majaji alisema hivi, nakunukulia kama ilivyo: "Bendera ni kitambaa na naweza kushona nyingine."

Nakala ina tarehe. Ni Oktoba 1931.

Kwa hiyo baba alijua, Iman. Alikuwa ameshauandikia mji wote, kibao kilikuwa kimeshafungwa tangu masika ya mwaka ule, alikuwa ameshatoa hotuba mbele ya kanisa zima. Alipoipata kweli aliiweka kabatini. Na miaka tisa baadaye alikuinua mezani kwa neno ambalo alijua si la kweli.

Sijui utalifanya nini jambo hili. Nimeona ni haki yako.

Tannetje


Termunterzijl, 24 Aprili 1966

Dada,

Sikuumwa. Barua ya Februari ilikuwa mezani, nikila naihamisha, nikimaliza nairudisha. Nilikuwa sijui nianzie wapi.

Huku barafu imeyeyuka, mashua zimeanza kupita. Mwenye tishari la mchanga aliniuliza, "Mzee, hivi huwa unaongea na nani humu?" Nikamwambia, na wewe, kila Alhamisi, dakika saba. Akacheka. Alhamisi iliyofuata alikaa dakika kumi.

Kwa kuwa umeandika ya jioni ile, mimi niandike ya mchana wa bendera, kabla nchi haijasalimu amri. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Kile chombo nilichokiongoza hakikuwa meli ya vita. Kilikuwa kivuta matishari walichokipaka rangi ya kijivu na kukifunga bunduki moja ya mkanda. Tulikuwa watu kumi na wawili, pamoja nami. Injini ilikuwa imezimika, bunduki haikuwa na risasi, na fundi wa injini, Lieven, alikuwa amelala sitahani na paja limefunguka. Ndege ilikuwa imepita mara mbili. Mara ya tatu niliiona inageuka juu ya maji, mbali, bila haraka, kama mtu aliyesahau kitu akarudi kukichukua.

Nikaenda kwenye bendera. Kamba ilikuwa imevimba kwa maji na fundo halifunguki. Nililifungua kwa meno, Tannetje. Mpaka leo naijua ladha yake, lami na chumvi. Ndege ikapita juu yetu chini sana, nikamwona rubani ana miwani. Hakupiga.

Wote kumi na mmoja walirudi makwao. Wanane wako hai. Lieven ana wajukuu sita, na kila Desemba ananitumia soseji.

Kwa hiyo kapteni wa baba naye alishusha. Nilipoisoma barua yako nilitoka nje nikasimama kwenye daraja la lango. Nilidhani nitakasirika. Nilichokifikiria ni yule mzee wa Veere anayesokota kamba. Kapteni kuishia kwenye kamba. Natumaini kulikuwa na mtu wa kuongea naye.

Ila kuna jambo nakuuliza. Umesema ni nakala. Baba alikuwa na mwandiko wa miguu ya kuku, mwenyewe alikuwa hausomi kesho yake. Kila kitu chake alikuwa akiandikiwa. Nakala hiyo ni mwandiko wa nani?

Iman


Vlissingen, 1 Mei 1966

Iman,

Leo sina salamu.

Ni mwandiko wangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Tulipanda treni pamoja kwenda The Hague, baba na mimi, na mkoba wa mikate ya jibini. Alinisomea ile lugha ya zamani kwa sauti ya chini, na mimi nikaandika. Alipofika kwenye kushusha bendera alinyamaza. Nikamwambia, "Endelea, baba, nimefika kwenye 'akaamuru'." Akaendelea. Tulimaliza jioni. Kwenye treni akasema, "Hili halitamsaidia mtu yeyote, Tannetje." Nikasema, "Hapana, baba." Ndiyo yote tuliyosema.

Kwa hiyo jioni ile ya Mei nilijua. Umeambiwa usome na mimi nimesimama karibu na jiko na kijiko kikubwa mkononi, na kila neno ulilosoma nilijua ni uongo. Lilikuwa ni neno moja tu la kusema. Nilikuwa nalo mdomoni. Nikaangalia maharage yasiungue.

Kwa nini? Nimejiuliza miaka ishirini na sita. Nilimwogopa, ni kweli, lakini wewe pia ulimwogopa na ulimjibu. Nafikiri nilijua kwamba nikisema, sitakuwa na pa kukaa. Wewe ulikuwa mwanamume, ungeweza kutafuta mtaa mwingine. Mimi nilikuwa mwandiko wake. Baada ya kumzika nilianza kukuandikia mara tatu. Nikaona kwamba ukijua hutanitumia hata kadi, na ile kadi moja kwa mwaka ndiyo iliyokuwa familia yangu.

Barua ya Pasaka niliiandika kwa ujanja. Niliandika "katika makaratasi ya baba kuna nakala" nikijua utadhani nimeiokota. Ulinikamata kwa swali moja.

Siombi kitu. Ila nikujulishe nililolifanya Alhamisi, usije ukalisikia kwa watu. Nilimwita Van Sluijs nikampa nakala. Aliisoma kwa kusimama, kisha akaketi, kisha akaomba maji.

"Bi Dingemanse," akasema, "kibao kimeshachomwa tanurini. Herufi zimeshapakwa."

"Pakeni nyingine."

"Watu wa mtaa wanampenda kapteni wao."

"Si ndiye huyo huyo? Mpendeni huyu aliyeokoa watu tisini na wanne."

"Bi Dingemanse, mtaa haupewi jina la mtu aliyeshindwa."

Nikamwambia, "Basi sikiliza, Bwana Van Sluijs. Mtaa ni wenu, lakini ukuta ni wangu. Andikeni kweli, au msitie skrubu hata moja kwenye ukuta wangu."

Nilisema kwa sauti, Iman. Mimi. Leuntje alisikia kutoka ng'ambo ya mtaa, akatoka nje na unga mikononi.

Nimechelewa miaka ishirini na sita na nilisema kwa mtu asiyehusika. Najua.

Tannetje


Vlissingen, 26 Juni 1966

Mpendwa Iman,

Hukujibu, na mwezi wa tano nilikubali kwamba hutajibu. Lakini yametokea mambo mawili, na la pili linanilazimisha.

La kwanza ni sherehe. Waliifanya. Kibao wamekifunga ng'ambo ya mtaa, kwenye ukuta wa Kodde, fundi wa baiskeli. Maneno ni yale yale. Alivuta kitambaa mke wa Van Sluijs, na hakikung'ang'ania. Bendi ilipiga. Mimi nilikaa ndani nikamenya viazi. Sasa kila nikifungua pazia nakiona kinang'aa, rangi ya buluu mpya, na jua la asubuhi likikipiga kinanirushia mwanga mpaka kwenye dari. Watu wawili watatu wa kanisani hawanisalimii tena. Wanasema nimemtukana baba yangu kaburini. Leuntje yeye bado ananisalimia, tena kwa sauti kubwa kupita zamani, ili wengine wasikie.

La pili. Jana nilikwenda kununua mkate. Leuntje akaniambia, "Tannetje, una mgeni gani wa kutoka mbali?"

Nikamwambia sina mgeni.

"Jumatano," akasema, "ulipokuwa Middelburg kwa shangazi yako. Mtu mzima, mrefu, mabega yameinama kidogo, kofia ya watu wa maji. Nilidhani amekuja kuangalia kibao, wengi wanakuja. Lakini alikipa mgongo. Alisimama pembeni mwa nyumba yako anaangalia ule ukuta mtupu. Yale matundu manne. Akanyoosha mkono akatia kidole kwenye tundu moja. Karibu nusu saa nzima, nakwambia, mpaka nikataka kumpelekea kiti."

"Halafu?"

"Halafu wewe ukaja na basi la saa kumi. Alikuona unashuka na kikapu. Akasogea nyuma ya gari la maziwa. Ukafungua mlango, ukaingia. Akavuka mtaa, akafika mpaka kizingitini. Akavua kofia. Nikasema sasa anabisha. Akaivaa tena, akaenda zake njia ya stesheni."

Nilimwomba kiti Leuntje, nikakaa katikati ya duka na watu wanapita.

Iman, nilikuwa ndani. Nilikuwa navua viatu. Mlango ule ni ubao wa unene wa vidole viwili tu.

Sikulaumu. Hodi yako hata kidogo sina haki ya kuidai. Lakini nimefikiri usiku na mchana na nimeona hivi: ulikuja siku nzima ya safari, ukabakiza hatua moja. Hiyo moja ni yangu. Nitapanda treni ya kwanza Ijumaa asubuhi. Sijawahi kusafiri mbali kuliko The Hague maishani mwangu. Kodde amenichorea stesheni zote kwenye karatasi, pamoja na mahali pa kubadilisha. Jioni nitakuwa Delfzijl na nitachukua basi la mwisho la kuja kwako.

Barua hii itakutangulia kwa siku tatu. Ukitaka kuwa hupo, una muda wa kutosha wa kutokuwepo. Nitalala nyumba ya wageni na kurudi, na kadi ya mwaka mpya nitakutumia kama kawaida. Ila mimi nitabisha.

Dada yako,
Tannetje


Termunterzijl, 17 Julai 1966

Dada Tannetje,

Natumaini ulifika salama na Kodde amerudishiwa karatasi yake. Sweta lako la kijivu umelisahau kwenye msumari wa jikoni. Sijalituma. Nitalituma.

Mashua ni nyingi mwezi huu. Mwenye tishari la mchanga alikuona siku ile umekaa kwenye benchi la lango, kitambaa kichwani, unamenya maharage mabichi, na tangu hapo hanipi raha. "Mzee, kumbe ulikuwa unatuficha!" Nikamwambia ni dada yangu. "Wote husema hivyo," akasema. Nilicheka mpaka nikachelewa kufungua lango la pili, akaanza kunipigia honi.

Ulipokuwa hapa hatukuongea sana. Usiku wa kwanza nilikusikia unatembea, na wewe bila shaka ulinisikia mimi. Nilitaka kukuambia jambo pale stesheni, lakini treni za siku hizi haziwangoji watu wazito wa maneno. Nakuandikia.

Ni kweli nilikukasirikia. Baba sikumkasirikia sana. Baba alikuwa baba, mtu hakasirikii mvua. Jioni ile nilipotoka nilisimama nje kwenye ngazi, koti nimeshalivaa. Nilikaa pale muda wa mtu kuvuta sigara mbili. Nilikuwa nakungoja wewe. Sikutaka useme kitu, nilitaka tu mlango ufunguke. Kwa hiyo mwezi uliopita nilipofika kizingitini pale pale, miguu yangu ilikumbuka kabla sijaiambia kitu, na sikuweza.

Sasa nimesema. Sitalirudia.

Kuhusu kibao, waachie. Alhamisi nilimsimulia wa tishari habari ya Baltense, ile ya kweli, tukingoja maji yapande. Akauliza, "Hao tisini na wanne, majina yao yapo?" Nikamwambia nitamuuliza dada yangu, yeye ndiye mwenye mwandiko. Kama yapo kwenye ile nakala, nitumie. Nitampa.

Kuna jambo moja ninalokulaumu, nalo nakwambia kwa uwazi. Nyumba hii nilikuwa nimeizoea. Miaka kumi na minane nimekaa humu na ukimya wake, nilikuwa najua kila sauti: bomba, saa, ubao wa tatu wa ngazi. Wewe umekaa siku nne tu ukaniharibia. Sasa nikiingia jioni nasikia kwamba hamna mtu. Zamani nilikuwa sisikii.

Jumapili asubuhi nilimimina kahawa, nikaketi, nikafungua gazeti. Nikatazama mezani. Nilikuwa nimemimina vikombe viwili.

Nikavinywa vyote viwili. Chako kilikuwa kimeshapoa.

Iman